Zambarau ya Upande wa Bibi Harusi

Walisema sitaweza, na walisema hivyo mbele yangu. Bwana Kasiani, aliyekuwa na studio karibu na soko la Iringa na ndiye aliyenifundisha kushika kamera, alinishikisha nyanya mbili mbele ya wateja, moja mbichi na moja imeiva, akaniambia nimrudishie iliyoiva. Nikampa ambayo siyo. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alicheka mpaka ikabidi apake wanja upya. "Mtu asiyejua nyanya imeiva lini," akasema Bwana Kasiani, "ndiye huyo anataka kwenda Marekani kusomea picha za rangi. Aidani, kajifunze useremala. Mbao ni mbao." Macho yangu nilizaliwa nayo hivyo: nyekundu kwangu ni hafifu, inazama ndani ya rangi nyingine na kupotea. Leo nina studio yangu mwenyewe, ghorofa ya pili, yenye jenereta na printa inayotoa picha ya ukubwa wa mlango, na ukutani iko diploma ya upigaji picha kutoka Texas, ndani ya fremu ya mninga. Maharusi wa mkoa huu husogeza tarehe ya kanisani ili wanipate mimi. Sijisifu bure, ninasema yaliyopo.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka Houston. Furaha, ambaye nilimwacha binti wa sekondari anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, safari hii aliandika kwa Kiswahili: "Anko, mama ametuacha." Mama yake alikuwa Mkongo wa Uvira aliyeishi Gulfton, mtaa wa Houston, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwita jina jingine zaidi ya Mama Furaha. Nilifunga studio mchana, jambo nisilolifanya hata umeme ukikatika, nikakaa peke yangu kwenye kiti cha wateja. Watu wanaponiuliza habari za Marekani huwa nawaambia habari za diploma. Siku ile nilikumbuka mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa mwisho chuoni, na jinsi ulivyokuwa kimya.

Nilikuwa nimepanga chumba Euless, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth, kwenye majengo yaliyo karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka kifuniko cha sufuria kinalia. Nyumba ilikuwa ya watu wawili. Mwenzangu alikuwa Mhabeshi wa zamu ya usiku, na saa zetu hazikukutana, hivyo tuliishi kwa kujuana harufu: yeye alijua kwamba nimekaanga dagaa, mimi nilijua kwamba ameunguza kahawa. Asubuhi nilikuwa chuoni, mchana kwenye ghala la mizigo nikipanga maboksi, jioni mbele ya kompyuta. Ugali niliupika kwa unga wa mahindi wa Kimeksiko, ambao haushikani vizuri hata uusonge namna gani, na niliula huku nikisikiliza kicheko cha watu wa chumba cha juu. Zilipita siku nyingi bila mtu kuniita jina langu isipokuwa msimamizi wa ghala, naye alilitamka kama jina la dawa ya mafua. Mtu aliyezoea kusalimiwa na kila anayepita hawezi kujua uzito wa jambo hilo mpaka lisitishwe. Siku moja nilijisikia nikiliaga jokofu.

Mwishoni mwa wiki, kinyume chake, nilizungukwa na watu kuliko mbunge wakati wa kampeni. Watanzania na Wakongo, kutoka Dallas na Fort Worth hadi Houston, walikuwa wameanza kuniita kwenye harusi, ubatizo na mahafali. Nilisimama katikati ya vigelegele tangu mchana mpaka ukumbi ufungwe, kisha nikarudi nao wote Euless ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu. Kwa wiki nzima nilikaa nao. Nilijua nani ana pengo na hucheka akiwa amefunga mdomo, nani alilia kabla ya mama mzazi, nani hakumtazama mkewe tangu keki mpaka zawadi. Niliwajua kama ndugu. Wao walinijua kama "mpiga picha, sogea kidogo." Katika maelfu ya picha za mwaka ule hakuna hata moja niliyomo.

Jinsi nilivyofanya kazi ya rangi bila kuziona, hilo nitalieleza wazi, kwa sababu ni ufundi na ufundi huo ni wangu. Kamera inaweza kutunza picha kwa njia mbili. Ya kwanza, kamera yenyewe inaamua rangi na kukukabidhi kitu kilichokwisha, kama chakula cha mgahawani kilichokolea chumvi ambayo huwezi tena kuitoa. Ya pili ni faili ghafi: mwanga unatunzwa kama ulivyoingia, na maamuzi yote ya rangi unayafanya wewe baadaye kwenye kompyuta. Wenzangu darasani walipenda faili ghafi kwa sababu ya uhuru. Mimi nilizipenda kwa sababu ya namba. Ukiweka mshale juu ya shavu la mtu, programu inakuambia pale pana nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani. Nikajifunza namba za ngozi: nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini, na zikiachana hivi mtu ana afya, zikiachana vile umemgeuza maiti. Kila taa za ukumbi zilipobadilishwa nilimpa mtu kadi ya kijivu aishike nikampiga, na baadaye kadi hiyo ndiyo iliyoniambia weupe wa kweli uko wapi. Wenzangu waliamini macho yao, wakamaliza muhula na watu wa rangi ya machungwa. Kazi zangu mwalimu alizibandika ukutani. Alisema watu weusi kwenye picha zangu ni weusi kweli, hawakupakwa majivu na hawakuchubuliwa. Kuhusu macho hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Ndipo ikaja harusi ya Houston. Bibi harusi alikuwa Mtanzania wa Dallas, bwana harusi Mkongo wa Gulfton. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Neema, nesi, mama mkubwa wa bibi harusi, mwanamke ambaye akikohoa kwenye simu unajikuta umesimama. Vikao vingi vya kamati vililiwa na jambo moja, sare. Mwishowe wakakubaliana: upande wa bibi harusi zambarau, upande wa bwana harusi bluu. Anayefikiri hayo ni mapambo hajakaa kwenye kamati ya harusi. Picha zile zilikuwa ziende Moshi na Uvira, zikakae mikononi mwa wazee waliokosa viza, na wazee hao wangezitazama kuona kila ukoo ulimsindikiza mtoto wake kwa wingi gani. Mwaka ule nilijifunza kwamba sare ni mahudhurio.

Ukumbini nilifanya kazi nzuri, nasema hivyo hata leo. Mpiga picha hula mwisho, na mara nyingi mwisho ni wali wa chini ya sufuria, lakini siku ile mwanamke mmoja mnene mwenye bluu aliniona nimejibanza nyuma ya spika akaja na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Ndani palikuwa na sombe, yale majani ya muhogo ya Wakongo, na samaki mzima. "Kula, papa," akasema, akiniita baba kwa desturi ya kwao. "Hawa watu hawatakimbia, wamekula sana." Huyo ndiye Mama Furaha, shangazi wa bwana harusi, aliyezishona sare za pande zote mbili sebuleni kwake. Nilirudi Euless, nikapima kadi ya kijivu, nikapima mashavu, namba zote zikakaa sawa. Nikatuma picha.

Mama Neema alipiga simu nikiwa ghalani. "Kaka Aidani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Upande wetu uko wapi?"

"Upande gani, mama?"

"Upande wa bibi harusi! Mimi naona bluu, bluu, bluu. Moshi wamepiga simu wanauliza kwa nini hatukwenda kumsindikiza mtoto. Mdogo wangu analia mpaka sasa. Zambarau yetu umeipeleka wapi? Au ndiyo ukoo mzima tumeolewa Kongo siku moja?"

Nyuma yake watu wakaangua kicheko, na sauti ya mwanamume ikasema, "Muulize na mahari yetu iko wapi!" Mama Neema hakucheka. "Nirudishie watu wangu kabla ya ibada ya shukrani," akasema. "La sivyo natangaza kwenye kundi, na hapa Texas hutashika tena kamera kwenye shughuli ya Mswahili." Akakata. Nilisimama na boksi la mtu mikononi. Bila harusi zile nisingekuwa na kazi ya kuwasilisha chuoni, hilo ni kweli, ila halikuwa la kwanza kuniingia kichwani. La kwanza lilikuwa kwamba Jumamosi zangu zote zingekuwa kama Jumanne zangu.

Kilichotokea nilikielewa baada ya kusoma sana. Ziko nguo za zambarau ambazo nyekundu yake imekaa pembezoni kabisa mwa mwanga, mahali ambapo kamera nyingi zimewekewa kioo cha kuuzuia. Kamera inaikata nyekundu hiyo na kubakiza bluu. Mwenye macho mazima angeliona kosa kwenye picha ya kwanza na kulirekebisha. Mimi na kamera yangu tulikuwa na upungufu mmoja, tukakubaliana. Nilifungua faili ghafi tena na kuanza kusogeza bluu kuelekea zambarau, lakini kila nilichosogeza kilikwenda na pande zote mbili, ikawa sasa nimewaoza Wakongo kwa Wachaga. Nguo zile mbili zilikuwa na namba zinazokaribiana mno. Ilibidi nizungushie kila mtu wa upande wa bibi harusi mmoja mmoja na kugeuza nguo yake peke yake, na sikujua ni yupi. Nikapekua simu nitafute mtu wa kumuuliza. Nilikuwa nimeandika "Bibi harusi Garland", "Baba wa ubatizo Arlington", "Mahafali Irving". Hakukuwa na jina la rafiki. Nikaenda na kompyuta mkononi mpaka mlango wa Mhabeshi. Nikamsikia anakoroma, nikarudi.

Jumapili niliendesha hadi Houston kwa sababu ya sahani moja ya samaki. Sikuwa na sababu nyingine ya kumchagua Mama Furaha. Nyumba yake Gulfton ilikuwa ya chumba kimoja na sebule, na sebule ilikuwa cherehani, kochi, runinga na magunia ya vitambaa; kutoka dirishani ulisikia Kihispania, Kiajemi na watoto wanaopiga mpira ukutani. Nilimwambia nimekuja kuomba kipande cha ile zambarau, nikipige picha kinisaidie kurekebisha. Kwa kipande hicho nilitumaini kupata namba na kuondoka nayo bila maelezo. Akamwaga mabaki ya vitambaa mezani. "Chagua, papa."

Nikachagua.

"Ile iko bleu," akasema.

Nikaweka, nikachukua kingine.

"Ile pia iko bleu." Alinitazama. Furaha, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na simu, akasema kwa Kiingereza bila kuinua kichwa kwamba huyu mtu haoni rangi, walijifunza shuleni. "Nyamaza, mgeni anasikia!" mama yake akamkemea, kisha akanigeukia taratibu. "Ni kweli, papa?"

Nikasema ni kweli. Tangu nyanya za Iringa sikuwa nimemwambia mtu.

"Na ngozi zetu? Picha zile ngozi ziko nzuri sana. Unazipata namna gani?"

"Kwa namba, mama. Nasoma namba."

"Kwa namba!" Akampiga bintiye kofi la paja. "Umesikia? Yeye anaona watu kwa hesabu, na weye unakimbia hesabu ya shule." Halafu, kabla sijajua anafanya nini, akashika simu yake, akapiga, akaweka sauti ya wote wasikie. "Mama Neema? Fundi wako yuko hapa kwangu. Mtoto wa watu haone mauve, ile zambarau yenu. Macho yake yalizaliwa hivyo."

Nilimwaza Bwana Kasiani, niliwaza tangazo kwenye kundi. Mama Neema akakohoa kwenye simu.

"Haoni kabisa?"

"Haone."

"Na alipiga harusi nzima?"

"Harusi nzima."

"Basi asiguse kitu mpaka mtu akae naye," akasema Mama Neema. "Na wewe Mama Furaha, watu wangu unawajua, uliwashona. Usije ukanipunguzia hata mmoja."

Tukafanya hivyo. Mama Furaha akaita majirani waliokuwa harusini, Baba Espoir anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, na mkewe, wakaja na viti vyao. Nikawa nafungua picha, wao wanaelekeza vidole. "Huyu wao. Huyu wetu. Huyu wao, nilimkata nguo ikambana hapa." "Huyu?" "Huyo wetu, lakini alivaa ya kwao. Alisema bleu inamnenepesha." "Sasa tumweke wapi?" "Mweke alikojiweka!" Nikizungushia mtu, nasogeza rangi ya nguo yake, na Mama Furaha, akiwa amekishikilia kitambaa kando ya kioo, ananiongoza kama anayerudisha lori nyuma: "Leta. Leta. Leta kidogo. Simama! Umepita, sasa iko ya askofu." Baba Espoir akabisha kwamba askofu ni nyekundu zaidi, wakagombana kuhusu maaskofu mpaka chai ikapoa. Sombe ikaiva, tukala, tukaendelea. Mimi nilikuwa sioni kinachobadilika. Kwangu mimi watu wale walibaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, huku wenzangu wakishangilia kila mmoja aliyerudi upande wake kama abiria aliyepatikana salama. Niliandika nani ni wa upande upi, na namba ya zambarau kwa kila taa ya ukumbi, ili picha nyingine nizimalizie nyumbani, nikaaga.

Siku ya ibada ya shukrani Mama Neema alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, akatoa simu, akatoa pochini kitambaa cha sare, akakiweka juu ya kioo. Alitazama kwa muda mrefu. "Hapo tumehudhuria," akasema, na hakuongeza neno. Tangu siku hiyo, kila kamati ya harusi iliyonihitaji ilikuwa na mtu wa chakula, mtu wa ukumbi, mweka hazina, na mjumbe wa macho. Ndivyo walivyomwita, na cheo kiligombewa. Mjumbe alikuja Euless na chakula kwenye vyombo vya plastiki, akakaa kando yangu kwenye kiti nilichokinunua kwa ajili hiyo, akasema leta, leta, simama. Nilipata kazi kuliko mpiga picha yeyote mwenye macho kamili, na diploma nikaipata nikiwa wa kwanza katika rangi. Ningependa kuandika kwamba upweke uliisha. Haukuisha. Kazi ikikamilika mjumbe alibeba vyombo vyake akaondoka na zile rangi, mimi nikabaki na namba. Walikuwa wamekaa nami mbele ya kioo kimoja jioni nzima, na hatukuwa tumeona kitu kimoja.

Kabla ya kurudi nyumbani nilitaka kuwalipa wote walioniazima macho, na nilitaka kuwalipa kwa kitu ambacho sikukikopa. Nikawapitia mmoja mmoja na kamera, kila mtu nyumbani kwake, karibu na dirisha lake. Faili ghafi unaweza kuiondolea rangi yote ukabaki na mwanga na kivuli, picha ya nyeusi na nyeupe, ukaamua mwenyewe nyekundu ing'ae kiasi gani, bluu izame kiasi gani, mpaka ngozi itoke kama ilivyo mbele yako. Hapo sihitaji kuambiwa. Nilizichapa kubwa, kwenye karatasi nzito, nikazisambaza kwa gari kuanzia Fort Worth. Mama Neema aliitazama yake na kusema amezeeka, kisha akaniomba nyingine ya kumpelekea mdogo wake. Baba Espoir alirudi nyuma hatua nzima. "Papa, umenizika? Picha bila rangi ni ya marehemu!" Mkewe akamjibu kwamba kama marehemu anapendeza hivyo, afe tu.

Mama Furaha nilimfikia mwisho. Alikuwa ameketi kwenye cherehani. Alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuipokea picha yake, akaigeuza kuelekea dirishani. Nilikuwa nimempiga akitazama kando, sindano mdomoni, na kila mstari wa uso wake ulionekana.

"Hii nani alikaa nawe?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Hakuna mtu alikuambia ongeza, punguza?"

"Hakuna."

Akaitazama tena, safari hii akiisogeza mbali, kisha karibu. "Basi," akasema, "ni hivi unatuona siku zote."

"Ni hivyo, mama."

Akamwita Furaha aje aone. Furaha akaja, akaegemea bega la mama yake, wakatazama, nami nikatazama pamoja nao, watatu tukiwa mbele ya picha ileile, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile sikuwa na la kumuuliza mtu. Kisha nikaaga. Nilishuka ngazi za Gulfton mikono mitupu, sidaiwi jicho na mtu yeyote.